Kutu ya Masika

Matano aliposhuka pwani ya Utende baada ya wiki saba za safari, hakwenda kwanza kumsalimu Bi Zuleikha aliyekuwa akimmiliki, wala hakwenda kumtazama mama yake. Alikwenda bandani kwenye mashine. Mkononi alikuwa na kopo la bati, na ndani ya kopo pete tatu za chuma zilizofungwa kwa karatasi ya mafuta. Ndizo alizotumwa Dar es Salaam kuzifuata. Kwenda hakukuwa na taabu, ila wakati wa kurudi masika yalimkuta Kisiju, akakaa siku kumi na tisa bila kupata chombo cha kuvuka.

Banda lilikuwa la makuti, wazi upande wa bahari. Katikati yake ilisimama mashine ya mafuta ya taa iliyokuwa ikizungusha kinu cha kushindika mafuta ya nazi. Kabla ya kuondoka Matano aliifungua yote, kwa sababu pete za pistoni zilikuwa zimelika na mashine haikuwa na nguvu tena. Kila kipande alikipaka mafuta na kukiweka sandukuni. Silinda peke yake, lile bomba nene la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ilikuwa nzito mno, ikabaki mahali pake. Aliipaka ndani shahamu ya ng'ombe, akaufunika mdomo wake kwa shuka ya merikani iliyoloweshwa shahamu hiyo hiyo, akafunga kwa kamba ya makumbi, mafundo manne. Kisha akamwambia Abeid, msimamizi wa shamba, kwamba mtu yeyote asiiguse mpaka arudi.

Sasa kamba ilikuwa chini, imeoza. Shuka haikuwepo. Mvua iliyokuwa ikipigwa na upepo wa bahari ilikuwa imeingia humo siku nyingi.

Matano aliingiza mkono ndani ya silinda, na vidole vyake vikatoka vyekundu kama vya mtu aliyepakwa hina. Kisha alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa akasugua mahali pamoja, padogo, upana wa kucha. Wekundu ukatoka. Chini yake chuma kilikuwa kizima, kimebaki na kivuli cha kijivu tu. Alipitisha ukucha juu ya kivuli kile, kwenda na kurudi, akitafuta kishimo. Ukucha haukukwama popote. Ilikuwa kutu ya ngozi, haijafika mfupani. Angeweza kuitoa.

Mwaka ule ulikuwa wa elfu moja mia tisa na kumi na mbili, na kisiwa cha Mafia kilikuwa chini ya Mdachi. Mdachi alikuwa amekwisha sema kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa watakuwa huru, lakini waliokwisha zaliwa walibaki kama walivyo mpaka waandikiwe hati ya uhuru. Matano alizaliwa katika shamba la Sheikh Ghalib, baba yake Bi Zuleikha, na mama yake Mwanamkuu alikuwa mtumwa wa nyumba. Matano alipokuwa na umri wa miezi miwili, mke wa Sheikh Ghalib alijifungua binti na kufa siku ya pili. Mwanamkuu akapewa yule mtoto amnyonyeshe. Kwa hiyo Matano na Bi Zuleikha walinyonya ziwa moja, na kwa sheria ya dini walikuwa ndugu. Yeye peke yake kati ya wanaume wa shamba aliruhusiwa kupita mpaka ukumbi wa ndani, ambako Bi Zuleikha alikaa bila buibui. Faida ya undugu huo ilikuwa ni hiyo tu. Alipokuwa kijana alipelekwa karakana ya meli Dar es Salaam, akafanya kazi miaka sita, na ujira wake ulikuwa ukipelekwa Utende. Huko ndiko alikojifunza chuma.

Bi Zuleikha naye hakuwa mtu wa raha. Mumewe alikufa mapema bila kumwachia mtoto, na mashemeji zake walikuwa wakilitaka shamba, wakisema mwanamke hawezi kuendesha minazi elfu tatu. Alileta mashine ile ili awafunge midomo. Ilipokuwa inazunguka, watu walitoka hata Kilindoni kuja kuitazama. Ilipofunguliwa alirudia kinu cha zamani, kile cha kuzungushwa na ngamia. Ngamia alikuwa amekwisha kufa, basi aliweka watu tisa kwenye mti wa kinu wasukume, wanaume watano na wanawake wanne, kutoka alfajiri mpaka adhuhuri, na tena mpaka magharibi. Siku Matano aliporudi walikuwa wamebaki saba.

Kabla hajamtuma safari, Bi Zuleikha alimwahidi jambo. Alisema siku mashine itakapozunguka tena, Mwanamkuu ataandikiwa hati ya uhuru. Hakumwahidi yeye mwenyewe, maana fundi hakuachwa hivi hivi. Lakini Matano alikuwa na mke Miburani, Chiku, mwanamke huru mfinyanzi wa vyungu, ambaye alimwona Ijumaa tu, na nia yake ilikuwa kumtoa mama yake katika ua ule akamweke kwa Chiku azeeke kwa amani. Ahadi ile ndiyo aliyoifikiria siku zote kumi na tisa za Kisiju.

Alipotoka bandani alikwenda nyuma ya jiko, kwenye chumba cha mama yake. Alimkuta amelala juu ya mkeka, amekonda, na juu yake amejifunika ile shuka ya merikani. Chumba kizima kilinuka shahamu.

Mwanamkuu alimweleza bila kuficha, kwa sababu hakujua kama kuna la kuficha. Masika yalipoanza, Abeid alimweka bandani awe mlinzi wa mashine, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kusukuma kinu. Alilala pale juu ya mchanga. Mvua ilimnyeshea, akashikwa na homa na kikohozi. Alimwomba Abeid gunia la kujifunika, akaambiwa magunia ni ya mbata. Basi usiku mmoja alifungua shuka ile akajifunika. Na shahamu iliyokuwa ndani ya bomba aliikwangua kwa kiganja akajichua kifuani. Alifanya hivyo mara tatu. Ilimsaidia sana, alisema, pumzi ikafunguka. Alipozidiwa zaidi aliruhusiwa kurudi chumbani, akaenda na shuka yake.

"Nimeharibu kitu, mwanangu?" aliuliza.

Matano akamwambia hakuharibu kitu. Kisha ikambidi aivue ile shuka juu ya mwili wa mama yake aliyekuwa akitetemeka kwa homa, kwa sababu kama Abeid angeiona mle chumbani mambo yangekwisha. Alimfunika kwa koti lake la karakana. Shuka aliichukua akaisokomeza chini ya sanduku la vipande, kana kwamba upepo ndio ulioipeleka huko.

Bi Zuleikha alikuja bandani alasiri, amejifunika buibui, Abeid nyuma yake. Abeid alikuwa mtu wa miaka hamsini, mnyamavu, aliyeamini kwamba kazi yake ni kufanya analoambiwa kabla halijarudiwa. Matano alitoa shikamoo, akaitikiwa. Bi Zuleikha alichungulia ndani ya silinda, akauliza ule wekundu ni nini. Matano alimweleza kwamba ni kutu nyepesi, na kwamba itatoka kwa siku tatu au nne za kusugua taratibu, na kwamba mashine haitapoteza nguvu. Alimwonyesha pale alipopasafisha. Akamshika hata kidole akakipitisha, kama mtu anavyoruhusiwa kumshika dada yake, ili asikie mwenyewe kwamba chuma ni laini.

Bi Zuleikha alisikiliza vizuri. Alipokwisha kuridhika kwamba mashine itapona, ndipo alipouliza nani aliyeifunua.

Matano alijibu kwamba ni yeye. Alisema aliifunga vibaya, alikuwa na haraka ya kuwahi chombo, na upepo ukaifungua.

"Mafundo yako yanafunguka kwa upepo?"

"Siku ile nilifunga vibaya, Bibi."

Bi Zuleikha akamwambia Abeid, kwa sauti ile ile ambayo angeagizia chai, kwamba fundi amesahau kazi yake na akumbushwe, kumi na tano, lakini mikono yake isiguswe.

Abeid alimfunga kwenye nguzo ya banda. Alitumia mkia wa samaki taa, mkavu, wenye miba midogo ambayo jicho halioni. Mkia huo haupigi kelele kama kiboko cha Wadachi, lakini kila unapopita unaondoka na kitu. Wale saba wa kinu waliamriwa wasisimame, kwa hiyo waliendelea kuzunguka, na kila walipofika upande wa banda waligeuza nyuso. Bi Zuleikha hakuondoka. Alikaa juu ya sanduku la vipande, ambalo chini yake shuka ilikuwa imesokomezwa, akahesabu kwa kimya mpaka mwisho.

Siku ya pili Matano alianza kazi. Mwili haukumruhusu kuinama, lakini silinda haisafishwi na mtu aliyesimama wima. Alichukua makumbi ya nazi akayaponda mpaka yakawa laini kama pamba mbovu, akayalowesha mafuta ya taa, akayajaza ndani, akayaacha yakae mpaka alasiri ili kutu ilainike. Kisha akasugua. Hakusugua kwa kwenda moja kwa moja juu na chini. Alizungusha mkono huku akipanda na kushuka, kidogo kidogo, bila nguvu, kila mahali sawa na mwenzake. Fundi wa Goa aliyemfundisha karakana alikuwa akisema kwamba chuma cha silinda ni kama uso wa mtu, ukikwaruza upande mmoja sura yote inaharibika. Moshi wa mafuta ya taa ulimpanda kichwani, na jasho lenye mafuta lilimtiririkia mgongoni kwenye vidonda.

Abeid alikuja na patasi. Alisema Bibi anauliza kwa nini asikwangue mara moja ikatoka. Matano alimjibu kwamba mwenye kukwangua kutu kwa patasi hukwangua na chuma, na pistoni itakapopita hewa itavuja pembeni, na hapo atalazimika kwenda tena Dar es Salaam kutafuta silinda nzima. Abeid akarudi na jibu hilo, na patasi haikuonekana tena.

Siku ya tatu yalibaki madoa upande wa juu wa silinda, karibu na mdomo, mahali mvua ilipopiga zaidi. Hapo alitumia majani ya msasa, yale ambayo maseremala husugulia mbao, lakini makuukuu, yaliyokwisha kupoteza makali. Madoa yakafifia. Mama yake aliletwa uani akakalishwa juani, na kutoka pale alikuwa akimwona. Hakujua habari ya viboko. Aliambiwa mwanawe ana jipu mgongoni. Alimwuliza Matano kwa ishara kama amekula. Matano aliitikia kwa kichwa.

Siku ya nne aliosha silinda kwa maji ya moto na sabuni, akaikausha upesi kabla hewa haijaishika, akaipaka mafuta safi, akapitisha kitambaa cheupe. Kitambaa kikatoka kijivu. Akaosha tena. Mara ya tatu kitambaa kilitoka kama kilivyoingia. Ndani, ukutani mwa silinda, vivuli vya kijivu vilibaki hapa na pale kama ramani ya visiwa, ila ukucha ulipita juu yake kama unapita juu ya kioo. Alizitumbukiza pete mpya mle moja moja kwanza, akatazama nafasi ya kila moja pale ncha zake zinapokutana. Zilikaa vizuri.

Siku ya sita, baada ya swala ya adhuhuri, alikipasha moto kichwa cha mashine kwa taa, akashika gurudumu, akalizungusha. Mashine ikakohoa mara mbili. Mara ya tatu ikashika, ikaanza kupiga, na sauti yake ikaenda mpaka ng'ambo ya maji. Wale saba waliacha mti wa kinu, wakakaa chini pale pale walipokuwa. Mmoja wao, Jumanne, alilala usingizi bila hata kuondoka kwenye njia.

Bi Zuleikha alimwita ndani. Alikuwa na furaha ya kweli, amejitanda buibui kwa ajili ya mgeni, dhahabu mikononi, na alimwagizia kahawa na halua, akamwambia akae. Matano hakuweza kuegemea kitu, alikaa ukingoni. Mbele ya Mwalimu Ussi, msomeshaji wa chuo cha pale, Bi Zuleikha alitoa karatasi kwenye kijaluba, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa hati ya uhuru ya Mwanamkuu, tayari imepigwa mhuri wa serikali.

Matano aliubusu mkono wake. Machozi yalimtoka, na hakuyaona haya.

"Nilijua ni mama aliyechukua shuka," Bi Zuleikha alisema. "Abeid aliniambia kabla hujarudi. Kutu ilikuwa imekwisha ingia. Nilitaka kusikia wewe utasema nini."

Macho ya Matano yalikuwa juu ya karatasi. Hakujua Kidachi, lakini karakana ilimfundisha tarakimu, na tarakimu za tarehe zilikuwa wazi chini ya mhuri. Alihesabu nyuma. Hati ilipigwa mhuri siku ishirini na tatu zilizopita, wakati yeye yuko Kisiju, na mama yake yuko katikati ya homa.

Aliuliza kwa nini. Bi Zuleikha hakuona ubaya kumweleza. Mtumwa mzee akiugua, bwana wake hulazimika kumlisha na kumtunza mpaka afe, na akimtupa hushtakiwa. Aliye huru hujitunza mwenyewe. Mwanamkuu hakuweza tena kufanya kazi yoyote, na chumba chake kilikuwa kikavu kuliko vyote nyuma ya jiko, kingefaa kuwa ghala ya mbata sasa mashine inapozunguka. Basi alikuwa amemwandikia hati tangu wakati ule. Alimngoja Matano arudi tu ampe kwa mkono wake, kwa kuwa alimwahidi, naye havunji ahadi.

"Aondoke kabla ya alasiri," alisema. "Mwambie namtakia heri."

Matano aliomba ruhusa ya siku moja ampeleke Miburani. Alikataliwa. Mashine imezunguka leo, nani ataitazama? Aliomba nusu siku. Bi Zuleikha akamkumbusha kwamba mtumwa akiondoka bila ruhusa ni mtoro, na mtoro ana adhabu yake, na watu wa serikali hawaambii wapigaji wao waache mikono. Mwalimu Ussi alikuwa akitazama kahawa yake. Matano aliinuka, akaichukua hati, akatoka.

Mwanamkuu hakuelewa. Matano alimsomea kwa maneno yake mwenyewe, kwamba sasa yeye ni mtu huru, hana bibi wala bwana ila Mungu. Mama yake alishukuru, akauliza kama chakula cha usiku kitaletwa saa zile zile. Wakati huo Abeid alikwisha kuingia na watu wawili wenye magunia. Walikunja mkeka wake wakautoa nje, wakaanza kupanga mbata.

Mwanamkuu alikaa nje ya ua, chini ya ukingo wa makuti, siku mbili na nusu. Mvua ya mwisho ya masika bado ilikuwa ikinyesha kwa vipindi. Wapishi walikatazwa kumpa kitu. Matano alimpelekea nusu ya chakula chake na maji, na magunia mawili aliyoyaiba. Kila mlango ulipofunguliwa Mwanamkuu alijivuta mbele, akaomba arudishwe ndani. Alimwita Bi Zuleikha kwa jina la utotoni, lile alilokuwa akimwimbia alipomlaza. Bi Zuleikha alifunga madirisha ya upande ule.

Siku ya pili jioni Mwanamkuu alimwuliza mwanawe hati ile aliitaka nani.

"Mimi, mama. Niliiomba mimi."

"Nani alikutuma?"

Matano alisema alitaka apumzike kwa Chiku, awe na mlango wake. Mama yake alimsikiliza huku akikohoa.

"Nilikuwa na mlango wangu," alisema. "Umenitoa kwa watu wangu nife barabarani."

Kauli ile ilimwingia kuliko mkia wa taa. Miaka mingi baadaye Matano alikuwa akisema kwamba viboko vyake alikuwa amevisahau, hata idadi, lakini maneno yale aliyasikia kila alipokaa mahali penye kimya.

Ijumaa mashine ilipumzika, na Ijumaa ilikuwa ruhusa yake ya siku zote. Kabla ya jua kuchomoza alimpandisha mama yake mgongoni, akaanza njia ya Miburani. Ni mwendo wa saa nne kwa mtu asiye na mzigo. Yeye alitumia muda wa saa saba. Vidonda vilifunguka, na damu ikalowesha kifua cha mama yake, naye akadhani ni jasho, akamwambia mara mbili apumzike. Njiani hakusema jingine. Chiku aliwapokea, akamwosha mkwewe, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, akampa uji. Matano alirudi Utende jioni ile ile.

Mwanamkuu aliishi siku tisa. Chiku alisema hakulalamika hata mara moja, ila kila asubuhi aliuliza kama ameitwa.

Habari ilifika Utende asubuhi, na safari hii Bi Zuleikha alimpa Matano ruhusa bila kuombwa. Yeye mwenyewe alifuata juu ya punda, na wanawake wawili. Aliingia nyumba ya Chiku, akakaa juu ya mkeka wa wafiwa, akalia. Waliokuwepo wamesema hakuwa akiigiza. Alilia mpaka sauti ikamkauka, akajipiga kifua, akasema hakuwahi kumjua mama mwingine. Wanawake wa Miburani walimpa mkono wa pole yeye kwanza, kwa sababu alikuwa binti wa maziwa na tena ni mtu mkubwa. Chiku alikaa karibu na mlango.

Baada ya maziko Bi Zuleikha alimwita Matano nyuma ya nyumba. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Tumefiwa, ndugu yangu," alimwambia.

"Mimi nimefiwa," Matano alisema. "Bibi amepata ghala."

Katika maisha yake yote hakuwahi kumjibu hivyo. Bi Zuleikha hakukasirika kwa namna ya kuonekana. Alijifunika vizuri, akasema mbata zimelundikana, na kwamba arudi naye sasa hivi, asingoje khitma. Matano alikwenda nyuma ya punda mpaka Utende, akaiwasha mashine kabla ya magharibi.

Kuanzia wiki ile ruhusa ya Ijumaa iliondolewa. Abeid alimwambia kwamba siku ya kupumzika mashine ndiyo siku ya kuisafisha. Matano alilala bandani. Chiku alikuja mara nne kwa miguu, akakatazwa kuingia, wakazungumza kupitia ua wa makuti kama watu walio kifungoni, na Abeid amesimama hatua kumi. Mara ya nne aliambiwa asirudi tena, atapigwa. Hakurudi.

Ikawa hivyo miaka miwili na nusu. Mashine haikumpa taabu. Kila miezi sita aliifungua, akatazama ndani, akapitisha ukucha, akaifunga. Mara kadhaa alisimama na ndoo ya maji ya bahari mkononi, mbele ya silinda iliyo wazi, peke yake. Hakumimina. Alisema alikuwa akiwafikiria wale saba, kwamba mashine ikifa wao ndio watakaorudi kwenye mti wa kinu, na Jumanne alikuwa amekwisha kuwa mzee.

Vita vilipokuja, Waingereza walishuka kisiwani mwezi wa Januari, na mafuta ya taa yakakosekana. Mashine ilisimama. Bi Zuleikha alingoja mwezi mmoja, akangoja wa pili. Wafanyabiashara wa mafuta ya nazi hawakuonekana tena, na mashemeji zake walikuwa wameanza kuja na mashahidi. Mwezi wa tatu Abeid alikwenda bandani akamwambia Matano kwamba chakula cha fundi kimekatwa, kwa kuwa hakuna kazi ya fundi, na kama ana mahali pa kwenda aende. Hati hakupewa. Hakuna aliyefikiria kumwandikia.

Alikwenda Miburani na kopo la vifaa vyake. Chiku alikuwa nje, anachoma vyungu, mikono imejaa majivu. Alikuwa amekonda na nywele zimeanza mvi. Alimtazama mpaka alipofika karibu, akamwuliza kama amekuja kulala au amekuja kukaa.

"Nimekuja kukaa," Matano alisema.

Chiku aliingia ndani akaongeza maji katika chungu kilichokuwa motoni, kwa sababu alikuwa ameinjika chakula cha mtu mmoja.